Haina Neno, Shemeji

Saa nne asubuhi ya Jumapili, wachawi wa Skelbeck walipanga foleni kwenye mlango wa kibanda cha kubadilishia nguo, kila mmoja na fimbo yake, wakazikabidhi kwa Bi. Pickles. Bi. Pickles alizitumbukiza kwenye pipa la miavuli kando ya jiko la makaa, vichwa chini, maana fimbo ikisimama kichwa juu karibu na birika, chai huwa ya kijani. Kisha walivua kofia zao ndefu, wakavaa bukta. Refa, karani wa benki mwenye miguu myembamba, alipita akiwapapasa mifukoni. Alimkuta mmoja na chura, akamruhusu abaki naye kwa sharti kwamba chura asivuke mstari wa kati.

"Na huyu?" refa aliuliza, akimwonyesha mzee Lumb, beki wa kulia, aliyekuwa ameketi bila kupumua.

"Huyo amekufa," Bi. Pickles alisema. "Tangu Krismasi."

Refa alifungua kijitabu chake cha kanuni, akasoma kidogo huku amekunja uso. Kanuni zilitaja viatu na soksi tu.

"Viatu anavyo," alisema, akaendelea na ukaguzi.

Mzee Lumb alikuwa amekataa kuachia namba yake mpaka msimu uishe, na wenzake waliona si adabu kumkumbusha hali yake. Watu wa Skelbeck ndivyo walivyo. Mkanyage mtu wa Skelbeck mguu, atakuambia haina neno. Uvunje mguu huohuo, atakuambia haina neno, ninao mwingine. Mvua ikivuja kanisani siku ya harusi, mchungaji akikosea jina la marehemu, jirani akichoma nyumba ya jirani kwa uzembe: haina neno. Maana yake ni ndiyo, na ni hapana, na ni chai nitakunywa, na ni naumia lakini tafadhali tusilizungumze. Wageni huchukua miaka mingi kuielewa kauli hii. Wenyeji hawajaielewa hadi leo.

Golikipa wa wachawi aliitwa Edgar Holroyd. Alikuwa mchawi wa daraja la chini, na uchawi wake wote ulikuwa kupoza chai kwa kuitazama. Lakini alikuwa na mikono mikubwa, na hakuna mwingine aliyekubali kugaagaa kwenye tope. Kwa miaka mingi alitunguliwa mabao mpaka watoto wa mtaani wakambandika jina la Nyavu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wachawi waliambiana kila Jumapili wakirudi nyumbani vichwa chini, na kwa kipimo hicho walikuwa washindani wakubwa kuliko wote bondeni.

Kisha msimu huu wakaanza kushinda. Ilianza ghafla, Jumapili moja ya baridi katika vuli, na haikukoma. Kwa desturi timu ya nyumbani ndiyo hutoa mpira, na mpira wa wachawi ulikuwa umegeuka kuwa hodari kupita kiasi. Ulipinda wenyewe kumfuata mchawi, na wageni uliwaponyoka miguuni kama paka asiyetaka kubebwa. Kapteni wao, Cuthbert Ramsden, Mkuu wa Chama cha Wachawi, ambaye alicheza namba tano akiwa amechomekea ndevu ndani ya bukta, alisema ni matunda ya mazoezi. Hakuna aliyekumbuka mazoezi yoyote. Hakuna aliyeuliza pia.

Jumapili hiyo ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Bonde, dhidi ya wauza nyama wa Thornley, watu wenye shingo nene na mapaja yaliyoshiba. Mvua ilinyesha kama kawaida. Watu walijipanga pembeni na miavuli na pai zao za nyama, na mbele yao wote alisimama Hilda, mke wa Edgar, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika hata vilima vya ng'ambo ya mto.

"Kaba, Lumb! Umekufa, hujazikwa!" alipiga kelele. "Mtie teke, Edgar! Mpira haulii!"

Kipindi cha kwanza kilikuwa kinaelekea ukingoni, wachawi wakiongoza kwa bao moja, mzee Lumb aliporuka kuwania mpira. Viungo vyake havikuwa vikimsikiliza kama zamani. Mkono wake wa kushoto ulichomoka begani, ukaruka peke yake, ukaugusa mpira ndani ya kumi na nane. Refa alipuliza filimbi na kuonyesha penalti.

"Mkono ulishatoka, refa!" Hilda alifoka. "Si wake tena! Utamwadhibu vipi mtu kwa kitu ambacho hana?"

Refa alifikiri, akasema kwamba mkono ni mkono. Mzee Lumb aliokota wake, akaufuta tope, akaenda kusimama nje ya boksi. Muuza nyama mmoja alitengeneza mpira, akarudi nyuma, akaachia mkwaju ambao ungeng'oa mlango wa ghala. Edgar aliruka upande wake wa kulia, akaudaka, akauangukia, akaukumbatia kifuani kwa nguvu zake zote. Uwanja ulilipuka kwa shangwe.

"Taratibu, shemeji," mpira ulisema. "Mbavu zangu."

Kusema kwa mpira si jambo lililomshtua Edgar. Skelbeck vitu vingi husema. Kengele ya mlango wa Chama hulalamika baridi yabisi, na mizani ya duka la unga imewahi kusema hadharani uzito wa mke wa mchungaji. Kilichomtoa Edgar jasho la baridi kwenye tope lile ni kwamba aliitambua sauti. Chini ya jua, kama kweli Skelbeck kuna jua, mtu mmoja tu alimwita yeye shemeji. Huyo alikuwa Norman Birtwistle, kaka wa Hilda, winga wa akiba, mtu mpole aliyekuwa ameondoka kwenda Kanada katika vuli bila kuaga. Ramsden mwenyewe ndiye aliyekuja nyumbani, kofia mkononi, kuleta habari kwamba Norman kapata nafasi ya ghafla na anawasalimu sana. Tangu hapo Hilda aliendelea kumwekea kaka yake sahani ya chakula ndani ya oveni kila Jumapili, endapo Kanada haitamkubali.

"Piga mpira, Edgar!" Ramsden alimpigia kelele. "Umelala hapo?"

Edgar hakupiga. Aliubingirisha kwa mkono, polepole, kama anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Filimbi ya mapumziko ilipolia, aliuokota, akauficha ndani ya jezi, akazunguka nyuma ya kibanda penye ndoo za makaa.

"Norman?"

"Nipo, shemeji."

"Si uko Kanada?"

"Sijafika hata stesheni. Hizo habari za Kanada nami nilizisikia nikiwa stoo."

Edgar aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Norman akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani. Ile Jumapili ya baridi mpira wao ulikuwa umepasuka. Yeye alikuwa kwenye benchi la akiba kama siku zote, karibu na meza ya chai, na Bi. Pickles alikuwa amesimama na birika mkononi. Ramsden akaja, akachomoa fimbo yake pipani, akamwinamia, akamwuliza kwa upole: Norman, hutajali?

"Nikamjibu haina neno," Norman alisema. "Shemeji, mimi nilidhani chai."

"Halafu?"

"Halafu nikawa hivi. Walisema ni mpaka filimbi ya mwisho tu. Lakini tukashinda. Uliziona nyuso zao siku ile? Ulijiona wewe mwenyewe? Ulikuwa unaimba, Edgar, wewe! Ningeanzaje kuwaharibia?"

"Na Jumapili iliyofuata?"

"Iliyofuata nikaona kama nimechelewa, itaonekana nina kinyongo. Nawasaidia ninavyoweza. Napinda. Ila kila teke hunitoa kitu. Wiki iliyopita nilisahau jina la mbwa wetu. Leo, kwenye ile kona, nadhani nimempoteza mama, maana nalitafuta jina lake silioni. Si mambo makubwa. Haina neno."

Edgar alishtuka mpaka meno yakagongana. Alikumbuka mipira yote ya goli aliyopiga tangu vuli. Aliipiga kwa kiatu chenye ncha ya chuma, kwa raha, akijisifu nyumbani mezani jinsi mpira ulivyoruka, huku Hilda akimwongezea viazi na kusema laiti Norman angekuwepo aone.

Aliingia kibandani. Wachawi walikuwa wameketi wakinyonya vipande vya machungwa. Edgar akauweka mpira mezani katikati ya vikombe, au tuseme akamweka, maana hapo ndipo Kiswahili nacho kinapokwama.

"Huyu ni Norman," alisema.

Hakuna aliyeuliza Norman yupi. Walitazama machungwa yao. Na hapo Edgar akapata mshtuko wa pili, uliokuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa kuwa aliona kwamba wote walijua.

"Mimi humpaka mafuta ya bata kila Jumatatu," Bi. Pickles alisema, akifuta kikombe kilichokwisha kukauka. "Na humlaza karibu na jiko. Sijamtelekeza, Edgar. Usinitazame hivyo."

"Mimi nilijua baada ya kufa," mzee Lumb alisema. "Ukifa unaona mengi. Lakini sikutaka kuingilia mambo ya watu."

Ramsden alifuta ndevu. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na sauti laini, na kila mwaka alipeleka makaa kwa wajane.

"Alikubali, Edgar. Uchawi wa namna hii haumshiki asiyekubali. Nilimwuliza kwa adabu, akajibu."

"Alidhani unampa chai!"

"Kanuni haiulizi alidhani nini." Ramsden alivuta kiti karibu, kama daktari. "Sikiliza. Kilichofungwa kwa neno hufunguliwa kwa neno. Mwenyewe akiniambia usoni, Ramsden, ina neno, basi amefunguka papo hapo. Mwenyewe, au ndugu yake. Na shemeji ni ndugu. Sema tu. Mimi siwezi kukuzuia, na wala sitakuzuia."

Mpira wenyewe ulikohoa, ukasema, "Jamani, msijisumbue kwa ajili yangu."

"Ila nikukumbushe," Ramsden aliendelea, "kipindi cha pili kinaanza. Watu wamejaa, wanalowa. Mpira mwingine hatuna. Na tukishinda, fainali ni Jumapili ijayo, hapahapa, maana kura imetuangukia. Skelbeck haijawahi kulishika kombe lile. Haijawahi! Nasema tumalize tu fainali, Edgar. Baada ya hapo namrudisha mimi mwenyewe. Hutajali?"

Edgar alifungua kinywa. Maneno mawili tu. Aliyaona yamekaa kwenye ulimi tayari kutoka. Lakini wote walikuwa wakimtazama, kwa nyuso za watu wanaotarajia wema, na kitu fulani kikampanda kooni, kile kilichompanda baba yake alipopunjwa ujira kiwandani na babu yake alipozikwa kwenye kaburi la mtu mwingine.

"Haina neno," alisikia mtu akisema, na alipogeuka kumtafuta mtu huyo hakumwona, kwa sababu alikuwa yeye.

Wachawi walishinda.

Nyumbani, Hilda alikuwa ameitoa sahani ya Norman kwenye oveni ili aioshe, kama kila Jumapili. Edgar alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya tope, jambo ambalo siku nyingine lingezua ugomvi. Sahani ilimponyoka Hilda, ikavunjika vipande. Hakuvitazama.

"Kaka yangu mimi?" alisema. "Ndiye niliyekuwa nasema atiwe teke? Ndiye niliyesema haulii?"

"Hukujua, mke wangu."

"Na wewe ulipojua, ulisema nini?"

Edgar alitazama viatu.

"Edgar. Ulisema nini?"

"Nilisema... haina neno."

"Mungu wangu! Mwanaume mzima! Maneno mawili, Edgar! Kasuku anaweza!" Alijishika kiuno, akazunguka meza, akarudi. "Basi kaa hivyohivyo na adabu zako. Jumapili nitasema mimi. Mbele ya watu wote, mbele ya meya. Nitasema mpaka watu wa vilima vya ng'ambo wasikie."

Wiki nzima alifanya mazoezi. Aliliambia sinki, ina neno. Aliiambia pasi, ina neno. Alimwambia paka, kwa sauti kubwa zaidi kila siku, mpaka paka akawa anahama chumba akimwona anavuta pumzi. Mficha uchi hazai, alimwambia Edgar usiku wakizima taa, na Edgar, ambaye alikuwa hajala vizuri tangu nusu fainali, alimshika mkono na kumwamini. Kama kulikuwa na mtu Skelbeck aliyeweza kulitoa neno lile, alikuwa Hilda. Mkewe aliwahi kumtukana refa mpaka refa huyo akaiomba benki yake imhamishe.

Jumapili ya fainali mji wote ulikuja. Meya alikuja na mkufu wake wa dhahabu, bendi ya tarumbeta ilikuja na kofia za kulingana, na upande wa pili watu wa timu ya reli walikuwa wanaruka ruka kupasha miili moto. Mvua ilinyesha kwa heshima, bila upepo. Edgar alisimama golini. Akamwona Hilda, amevaa kofia yake ya kanisani, anavuka mstari wa pembeni na kuingia uwanjani, viatu vikizama kwenye tope, moja kwa moja mpaka katikati alipokuwa Ramsden na mpira kwapani. Bendi ikasita, kisha ikanyamaza.

"Bi. Hilda," Ramsden alisema, akainamisha kichwa. "Nadhani umekuja kwa ajili ya Norman."

"Ndiyo."

"Ni haki yako. Ukitaka, namfungua sasa hivi, hapa hapa." Alisema kwa sauti ya kusikika, maana hakuwa na la kuficha, na watu pembeni walitikisa vichwa kuonyesha kwamba wao pia hawakuwa na la kuficha. "Mechi haitakuwepo, bila shaka. Watu wametoka mbali. Meya ameacha mgonjwa nyumbani. Mzee Lumb ameahirisha kuzikwa. Lakini wewe usifikirie hayo hata kidogo. Nakuuliza tu, mama: tukimaliza kwanza mchezo huu, itakuwa na neno?"

Hakuna aliyemkodolea macho, kwa kuwa si adabu. Walitazama vidole vya viatu vyao, na miavuli, na mawingu. Edgar kutoka golini aliona mabega ya mkewe yakipanda, pumzi ikiingia, ile pumzi iliyomfukuza paka. Sema, mke wangu, aliomba. Sema, tafadhali, sema.

"Usijisumbue, dada," mpira ulisema taratibu. "Unalowa."

Mabega ya Hilda yalikaa juu kwa muda mrefu. Kisha yakashuka.

"Haina neno," alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. Watu wakashusha pumzi. Bendi ikaanza tena palepale ilipoachia. Meya alimfungulia Hilda nafasi chini ya mwavuli wake, mtu mwingine akampa pai ya nyama ya moto, na mwanamke mmoja akamgusa kiwiko akasema hongera, umekuwa muungwana. Hilda aliishika pai ile kwa mikono miwili bila kuila, uso umemkauka kabisa, kama aliyesikia habari ya msiba wa mtu mwingine na kugundua katikati kwamba ni wake.

Edgar alikuwa na hakika kwamba wa kushindwa ni yeye tu. Haikumpitia akilini kwamba hata Hilda angeshindwa, Hilda mwenye sauti ile, na wazo hilo lilimtia hofu kuliko lolote aliloona mwaka ule. Alifikiri: naweza bado. Naweza kukimbia sasa hivi mpaka katikati. Akafikiri pia jinsi watakavyomtazama akiwa anakimbia.

Refa alipuliza. Watu wa reli walianza, wakapasiana mara chache, na mmoja wao akaachia shuti la mbali lililopinda lenyewe kwa juhudi kubwa na kupita kando ya mlingoti. Mpira wa goli. Edgar aliufuata hadi kwenye uzio, akaurudisha, akauweka chini kwenye nyasi zilizoloa. Mshono mmoja ulikuwa umeanza kuachia karibu na kamba ya kufungia ngozi. Alipiga goti, akajifanya anafunga kiatu.

"Norman," alinong'ona.

"Naam?"

"Samahani, shemeji. Samahani sana."

"Haina neno, bwana," mpira ulisema, kwa uchangamfu na adabu ya mtu anayeongea na mgeni kwenye stesheni. Kisha, baada ya kufikiri kidogo: "Samahani nami. Tunajuana?"

Refa alimwonyesha saa. Kutoka pembeni, sauti aliyoijua kuliko zote ilipasuka juu ya bendi na juu ya mvua, ikiwa imekatika katikati kama uzi: "Piga, Edgar! Piga basi yaishe!"

"Tulijuana," Edgar alisema.

Akasimama, akarudi nyuma, akapiga. Lilikuwa teke zuri. Mpira ulivuka mstari wa kati, ukapinda kumtafuta Ramsden, na Skelbeck nzima ikashangilia.